Camilla na Dhaka, tofauti ya saa 11: uchambuzi wa mradi wa madarasa mawili wa mwaka 2006

Mwishoni mwa mwaka 2006 wanafunzi wa darasa la kumi wanaosoma kompyuta katika Westwood Schools, shule ya binafsi iliyoko Camilla, mji mdogo wa kusini-magharibi mwa jimbo la Georgia, Marekani, walipewa kazi ya kufanya na wenzao wasiowajua. Wenzao hao walikuwa darasa la kumi na moja la International School Dhaka, Bangladesh. Walimu walikuwa Vicki Davis upande wa Georgia na Julie Lindsay upande wa Dhaka. Walikuwa wamefahamiana kupitia blogu zao, baada ya kuona kwamba madarasa yao yanajadili kitabu kimoja, The World Is Flat (yaani "Dunia ni Bapa") cha mwandishi wa habari Mmarekani Thomas Friedman, kilichotoka 2005. Kazi hiyo wakaiita Flat Classroom Project.

Mwaka uliofuata Friedman aliutaja mradi huo katika toleo jipya la kitabu chake, na tangu hapo umekuwa mfano unaotolewa kila yanapozungumzwa mambo ya kuunganisha madarasa. Bahati mbaya hutolewa kama ajabu ya teknolojia. Ukiufungua utakuta vifaa vyake vilikuwa vya kawaida hata kwa wakati ule: tovuti ya bure, blogu na video fupi. Kilichoubeba ni namna kazi ilivyogawanywa na namna muda ulivyohesabiwa, na hayo mwalimu anaweza kuyapanga kwa karatasi na kalamu kabla hajagusa kompyuta.

Kazi yenyewe ilikuwa nini

Kitabu cha Friedman kinaeleza nguvu kumi ambazo, kwa maoni yake, zimeufanya ulimwengu kuwa uwanja mmoja wa biashara. Kinaanza na kuanguka kwa Ukuta wa Berlin tarehe 9 Novemba 1989, kisha kampuni ya Netscape, iliyotengeneza programu ya kufungulia tovuti, kuuza hisa zake kwa umma tarehe 9 Agosti 1995, na kuendelea hadi kazi za ofisini kuhamishiwa nchi nyingine na vifaa vya mkononi visivyotumia waya. Mada za namna hiyo ndizo zilizogawiwa kwa wanafunzi, na kila mada ikafunguliwa ukurasa mmoja kwenye Wikispaces, tovuti ya aina ile ile ya Wikipedia ambapo mtu yeyote aliyesajiliwa aliweza kuhariri maandishi ya mwenzake. Ukurasa huo haukuwa wa Camilla wala wa Dhaka. Wanafunzi wa pande zote mbili waliopewa mada hiyo waliuandika pamoja.

Baada ya ukurasa, kila mwanafunzi alitengeneza video yake juu ya mada yake, kwa sharti moja: ndani ya video kuwe na kipande kilichopigwa na mwanafunzi wa shule ya pili. Huwezi kukipiga mwenyewe wala kukiokota mtandaoni. Ni lazima umwombe mtu aliye Dhaka, naye akubali, aelewe unachotaka, akipige na akitume.

Sharti hilo ndilo moyo wa kisa hiki. Miradi mingi ya kuunganisha madarasa hufuata mtindo wa marafiki wa kalamu: darasa moja linaandika, lingine linasoma na kujibu. Darasa la pili likichelewa, la kwanza halipungukiwi na kitu zaidi ya hamu. Ndiyo maana blogu nyingi za shule huanza kwa kishindo, zikapata maoni manane ya "kazi nzuri, endeleeni hivyo hivyo", halafu kimya. Aliyetoa maoni hakuwa na haja na jibu, na aliyepewa hakuwa na la kufanya nalo.

Upo mtindo uliotibu sehemu ya tatizo hilo kwa zamu. David Mitchell, alipokuwa naibu mkuu wa shule ya msingi Heathfield huko Bolton, Uingereza, alianzisha utaratibu unaoitwa QuadBlogging: shule nne zinaunganishwa, na kila wiki blogu ya shule moja ndiyo inayotembelewa na kuachiwa maoni na zile tatu. Baada ya wiki nne kila shule imepata zamu yake. Kwa watoto wadogo utaratibu huu unafaa kuliko ule wa Camilla na Dhaka, kwa sababu mzigo wake ni mwepesi na unampa mtoto hadhira anayoiona. Lakini bado ni hadhira tu. Mtoto wa Bolton anaweza kumaliza kazi yake yote bila kuhitaji chochote kutoka kwa wale wengine. Mwanafunzi wa Camilla hakuweza, na hilo likabadilisha namna alivyoandika ujumbe wake kwenda Dhaka, maana sasa alikuwa na haja na mtu.

Hesabu ya saa

Kuanzia mwisho wa Oktoba mwaka ule, saa za Georgia zilikuwa nyuma ya saa za Dhaka kwa saa 11. Tuchukulie masomo yanaanza saa 2 asubuhi na kumalizika saa 9 alasiri pande zote. Kengele ya asubuhi ikigonga Camilla, Dhaka ni saa 1 usiku na watoto wako nyumbani. Kengele ya asubuhi ikigonga Dhaka, Camilla bado ni saa 3 usiku wa jana yake. Hakuna hata dakika moja ambayo madarasa yote mawili yako kazini. Mazungumzo ya video ya darasa kwa darasa, ambayo kila mwalimu huyafikiria kwanza, hayakuwezekana ndani ya ratiba ya kawaida, na mradi ukalazimika kujengwa juu ya maandishi yanayosubiri.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalihesabu. Wikendi ya Bangladesh ni Ijumaa na Jumamosi, ya Marekani ni Jumamosi na Jumapili. Fuata ujumbe mmoja uone. Camilla wakiandika Jumatatu, Dhaka wanausoma na kuujibu Jumanne asubuhi, na jibu linawakuta Camilla Jumanne wanapofungua kompyuta. Huo ni mzunguko mmoja. Ujumbe wa Jumanne unarudi Jumatano, wa Jumatano unarudi Alhamisi. Ujumbe wa Alhamisi unafika Dhaka wakati shule imeshafunga wiki. Utasomwa Jumapili, pamoja na ule wa Ijumaa, na jibu la yote mawili litaonekana Camilla Jumatatu. Kwa hiyo katika wiki nzima ya siku tano za masomo, mizunguko kamili ni minne. Tena zipo siku mbili kavu: Camilla wakifungua Ijumaa hawakuti jipya lolote, na Dhaka wakifungua Jumatatu nao vilevile.

Mradi wa wiki tatu, basi, una mizunguko 12. Mwalimu anayeandika kwenye mpango wake "wiki 3" anaona siku 15 za masomo na kujiona tajiri. Aanze kutumia ile 12: miwili ya kusalimiana na kujuana, mmoja wa kugawana sehemu za ukurasa, mitatu ya kipande cha video (ombi, ufafanuzi, kupokea), minne ya kuandika na kuhaririana, miwili ya kusahihisha. Imekwisha. Sikukuu moja upande wowote, au umeme kukatika siku ya maabara, na tayari kuna kitu kinachopaswa kuondolewa.

Kutokana na hesabu hii linakuja fundisho la uandishi ambalo wanafunzi hulipata kwa uchungu: kila ujumbe uandikwe hivi kwamba mpokeaji anaweza kufanya kazi bila kuuliza tena. "Mmefikia wapi?" ni swali linaloteketeza robo ya wiki. "Sehemu ya pili tumeiandika aya tatu, ya nne inahitaji mfano wa kwenu, tukikosa hadi Jumatano tutatumia mfano wa kiwanda cha nguo" ni ujumbe unaosogeza kazi hata kama mwenzako amekaa kimya.

Kusalimiana kusichukuliwe kuwa pambo. Katika miradi yao iliyofuata Davis na Lindsay walisisitiza kwamba hakuna kazi ianze kabla wanafunzi hawajajitambulisha na kujibiwa. Sababu yake ni ya kikazi. Mwanafunzi asiyejibu salamu katika mizunguko miwili ya kwanza hatajibu ombi la video katika wa tano, na ni heri kumgundua mapema, wakati bado kuna nafasi ya kumpanga mwenzake na mtu mwingine.

Kuomba kipande

Ombi baya linafanana kila mahali: "Tutumieni video kuhusu simu za mkononi." Mwanafunzi wa upande wa pili anakaa mbele ya simu, anasoma aya kutoka kwenye intaneti kwa dakika mbili, anatuma. Aliyeomba hawezi kuitumia kwa sababu alitaka sekunde 20 za mtaani. Mizunguko mitatu imekwenda na maji.

Ombi zuri lina vitu vinane: urefu kwa sekunde, kinachoonekana, kisichotakiwa kuonekana, sauti, namna ya kushika kamera, ukubwa wa faili, siku ya mwisho kwa saa za anayepokea kipande, na mahali kipande kitakapokaa. Mfano, darasa la Muscat likiomba kwa darasa la Tanga:

"Tunahitaji sekunde 20. Wakala wa pesa kwa simu akiwa kazini, ionekane kaunta na mikono, sura ya mteja wala namba yoyote ya simu isionekane. Laza simu, usiisimamishe. Usiongee, sauti ya mtaa ndiyo tunayoitaka, ila redio izimwe. Faili isizidi MB 20. Itufikie kabla ya Jumatano, 14:00 saa za Muscat. Itakaa baada ya sentensi inayosema kwamba watu wengi hawaendi tena benki kutuma pesa."

Ile sentensi ya mwisho ndiyo inayosahaulika, nayo ina kazi kubwa kuliko zote. Mpigaji akijua kipande kinakwenda wapi, ataamua mwenyewe mambo ambayo hukuyaandika. Redio izimwe kwa sababu muziki wenye hakimiliki unaweza kuifanya video izuiwe ikipakiwa. Na saa iandikwe kwa mtindo wa saa 24 pamoja na jina la mji: ukimwandikia mtu wa nje "saa nane" atafika kwa hesabu yake, nawe utamsubiri kwa hesabu yako.

Ukubwa wa faili ulikuwa kikwazo cha 2006 na kwa shule nyingi bado ni kikwazo. Kamera za kanda za miniDV, zilizokuwa zikitumika sana wakati ule, zilitoa video ya takriban MB 3.6 kwa kila sekunde. Sekunde 30 ni kama MB 108. Kwa mtandao unaopakia kwa kilobiti 256 kwa sekunde, faili hiyo inachukua karibu dakika 56, na ikikatika dakika ya 50 mara nyingi unaanza upya. Kipande hicho hicho kikipunguzwa hadi picha ndogo ya 320 kwa 240 huwa kama MB 2 na kupita kwa kama dakika moja. Leo simu inayorekodi kwa kiwango cha 1080 inaweza kula MB 130 kwa dakika. Ishushe hadi 720 na utabaki na kama MB 60. Kwa darasa la makundi tisa, kila moja likituma sekunde 20, tofauti ni kati ya karibu MB 390 na MB 180 za bando la mwalimu. Kiwango kibadilishwe kwenye kamera kabla ya kupiga. Kupunguza baadaye kunahitaji programu, muda na mtu anayejua.

Mpango wa akiba uwe umeandikwa tangu siku ya kwanza: kipande kisipofika kwa tarehe iliyowekwa, aliyeomba atatumia picha mnato moja kutoka kwa mwenzake pamoja na sauti yake ya sekunde 15. Picha na sauti hupita hata kwenye mtandao dhaifu. Bila akiba hiyo, mwanafunzi mwenye bidii anaadhibiwa kwa uvivu wa mtu aliye bara jingine.

Watu wengi, ukurasa mmoja

Tovuti za aina ya Wikispaces zina ugonjwa unaojulikana. Wawili wakifungua ukurasa kwa wakati mmoja na kila mmoja akahifadhi kwa wakati wake, anayehifadhi mwisho anaweza kufuta kazi ya wa kwanza bila kujua. Utadhani tatizo hili lingetokea kati ya nchi na nchi. Kwa tofauti ya saa 11, mtu wa Camilla na mtu wa Dhaka hawakutani kwenye ukurasa isipokuwa mmoja wao anafanya kazi usiku. Hatari iko ndani ya maabara: wanafunzi wanne wa kundi moja, kompyuta nne, ukurasa mmoja, dakika zile zile arobaini.

Dawa yake ni kuugawa ukurasa kwa vichwa vya habari, kila kichwa na mwenyewe, na kuandika kwanza kando kisha kubandika. Zana za sasa kama Google Docs, ambayo nayo ilizaliwa mwaka huo huo wa 2006, zinaruhusu wengi kuandika pamoja bila kufutana kwa bahati mbaya. Kufutana kwa makusudi bado kupo. Mwanafunzi "anasafisha" aya ya mwenzake kwa sababu haijui mantiki yake, na mwenzake akiamka anakuta kazi ya jana haipo. Kanuni iliyo rahisi kuisimamia ni hii: kuongeza ni ruksa wakati wowote, kuondoa ni baada ya kuandika sababu kwenye sehemu ya majadiliano na kungoja mzunguko mmoja. Kati ya darasa la Kenya na la Tanzania ongeza na hili, kwamba tarakilishi ya mmoja na kompyuta ya mwingine zote zibaki kama zilivyoandikwa. Mizunguko haitoshi kwa ugomvi huo.

Historia ya mabadiliko, ile orodha inayoonyesha nani aliandika nini na saa ngapi, ndiyo chombo cha mwalimu. Isomwe kila baada ya siku mbili. Kundi ambalo historia yake ina jina moja tu halina ushirikiano, hata kama ukurasa wake unang'aa. Tatizo ni kwamba historia inaaminika pale tu kila mtu anapoingia kwa akaunti yake. Mmoja akiandika kwa niaba ya watano, inabidi kila aya ianze na herufi za mwandishi wake kwenye mabano, ziondolewe mwishoni.

Alama

Huu ni upande usiozungumzwa, nao ndio unaovunja miradi mingi. Kipande ninachokupigia kinainua video yako, siyo yangu. Kama mwalimu wangu hanipi chochote kwa kazi hiyo, nitaifanya mwisho, nikichoka. Katika mradi wa 2006 walimu walikuwa na mwongozo mmoja wa usahihishaji, na walimu wa nje wakaalikwa kuzipima video. Mwongozo mmoja ni muhimu kwa sababu mwalimu hana mamlaka juu ya mwanafunzi wa shule nyingine. Hawezi kumwita ofisini wala kumwandikia mzazi wake. Mwenye mamlaka ni mwenzake, na walimu wote wawili lazima wawe wamekubaliana kwa maandishi kinachopewa alama kabla mwanafunzi yeyote hajasikia habari za mradi.

Mgawanyo unaofanya kazi kwa alama 100 ni 40 kwa sehemu yako ya ukurasa, 30 kwa video yako, 20 kwa huduma uliyompa mwenzako, na 10 kwa maelezo mafupi ya ulichojifunza kwake. Zile 20 hutolewa kwa mambo matatu yanayopimika: kilifika kwa wakati, kililingana na ombi, ulijibu ufafanuzi ndani ya mzunguko mmoja. Alama ya mtu isishuke hata nukta kwa kosa la upande wa pili. Ubora wa kipande alichopokea haumhusu. Ubora wa ombi alilolituma unamhusu.

Kisa hiki hakithibitishi nini

Mradi huu umetolewa mara nyingi kama ushahidi kwamba darasa lolote linaweza kuungana na darasa lolote. Tuangalie waliounganishwa. Upande mmoja shule ya binafsi ya Marekani, upande wa pili shule ya kimataifa ya Dhaka inayofundisha kwa Kiingereza. Wote walikuwa na kompyuta, wote walikuwa na mwalimu ambaye somo lake lenyewe ni kompyuta, na lugha haikuwagawa. Aliyekutana na Dhaka kwa njia hiyo hakukutana na shule ya serikali ya Bangladesh yenye wanafunzi sitini chumbani. Hilo haliufanyi mradi kuwa mbaya. Linatuambia tu kwamba pengo lililovukwa lilikuwa la masafa na saa, na mapengo mengine yalikuwa yamekwisha zibwa kabla haujaanza.

Tena, mradi ulipopanuka hesabu ya mizunguko iliongezeka uzito. Mwaka 2007 walimu hao hao waliendesha Horizon Project kwa madarasa ya nchi tano, Australia, Austria, Bangladesh, China na Marekani. Kila nchi inayoongezwa inaleta wikendi yake, sikukuu zake na saa zake. Kwa anayeanza, madarasa mawili yanatosha.

Ukiuleta huku

Afrika Mashariki ina fursa moja ambayo Camilla na Dhaka hawakuwa nayo: Tanzania, Kenya na Uganda ziko katika saa moja, Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo ziko nyuma kwa saa moja, na Oman iko mbele kwa saa moja. Mazungumzo ya moja kwa moja yanawezekana ndani ya vipindi vya kawaida. Darasa la Tanga na la Muscat litapoteza Ijumaa ya mmoja na Jumapili ya mwingine, lakini siku nne zilizobaki zinaweza kuwa na mzunguko zaidi ya mmoja kwa siku. Kinachosumbua hapa ni kalenda. Mwaka wa masomo wa Tanzania na Kenya unaanza Januari, wa Rwanda sasa huanza Septemba, na wa Oman huanza kati ya mwisho wa Agosti na Septemba. Ramadhani nayo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, na saa za shule za Ghuba hupunguzwa mwezi huo. Andika kalenda mbili sambamba kwenye karatasi moja, futa siku za mitihani, uone ni wiki ngapi mfululizo zimebaki safi. Darasa la Ulaya au Marekani likihusika, kumbuka wao hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka na sisi hatubadilishi: Dar es Salaam na New York hutofautiana saa 8 majira ya baridi ya kule na saa 7 majira ya joto.

Vifaa vinapangika. Darasa la wanafunzi 45 na kompyuta tano: makundi tisa ya watano, vipindi viwili mfululizo vya dakika 40. Makundi matano yanaingia kwanza kwa dakika 35, manne yanafuata, zinabaki dakika 10 za kuwasha, kubadilishana na kupakia. Kila kundi liingie na maandishi yaliyokamilika kwenye karatasi, mmoja anachapa, mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanakagua. Kundi linaloingia kufikiria mbele ya kompyuta litatoka na sentensi mbili. Simu kwa wanafunzi hazikubaliki katika shule zetu nyingi, kwa hiyo video hupigwa kwa simu ya mwalimu au ya shule, na ratiba ya simu hiyo moja iwekwe ukutani, maana makundi tisa yataitaka siku ile ile.

Sheria zisidharauliwe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na zote zinagusa jina na picha ya mtoto. Barua ya mzazi iseme waziwazi nini kitaonekana, kwa nani, kwa muda gani. Njia rahisi ni jina la kwanza pekee, mikono na kazi badala ya sura, na ukurasa unaofunguka kwa wenye nywila tu. Ukurasa uliofungwa una faida nyingine Tanzania, ambako Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilileta masharti ya leseni kwa wenye blogu, na nafasi yake ikachukuliwa na kanuni za 2020, ambazo nazo zimefanyiwa marekebisho baadaye. Shule inayotaka blogu ya wazi iulize kwanza TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Wikispaces ilifungwa

Mwaka 2018 Wikispaces ilitangaza kufunga huduma zake, na kurasa za bure na za madarasa zikaondolewa mwaka huo huo. Maelfu ya walimu waliokuwa wameweka humo kazi za wanafunzi wakabaki na anwani zisizofunguka. Edmodo, mtandao wa madarasa, ilifungwa 2022, programu ya video fupi ya Flip ikafuata 2024, Skype 2025. Zana za bure za shule haziishi muda mrefu, na mradi unaotegemea moja kati ya hizo upangwe kana kwamba hiyo itakufa.

Kwa hiyo siku ya mwisho ya mradi iwe na kazi yake. Kila ukurasa upakuliwe kama PDF, pamoja na historia ya mabadiliko kama zana inaruhusu. Video ziitwe kwa mpangilio mmoja, mwaka, shule, kundi, mada, kwa mfano 2026_tanga_kundi4_pesa, maana ndani ya miezi sita hakuna atakayekumbuka "video mpya ya mwisho 2" ni ipi. Makundi tisa ya pande mbili yenye video za dakika tatu kwa kiwango cha 720 hayazidi GB 4, yanaingia kwenye flashi ya kawaida. Nakala ziwe tatu: moja ofisi ya taaluma, moja kwa mwalimu mwenyewe, moja kwa mwalimu wa shule ya pili, na akaunti ya mradi ifunguliwe kwa barua pepe ya shule, ili mwalimu akihamishwa kituo asiondoke na funguo.